Nuru na Ngozi: Historia ya Mwanga wa Picha za Sura, kutoka Paa la Vioo hadi Ua wa Bamako

Utangulizi

Mwaka 1923 W. E. B. Du Bois, mwanahistoria na mhariri wa jarida la The Crisis la New York, aliuliza swali lililoonekana dogo kando ya mambo mazito aliyozoea kuyaandikia: kwa nini vijana Weusi wa Marekani hawaingii kwa wingi katika kazi ya kupiga picha? Nyuma ya swali hilo palikuwa na lalamiko. Kwa maoni yake, mpigapicha Mzungu wa kawaida hakujua namna ya kuishughulikia ngozi ya mtu Mweusi, hakuuona uzuri wa rangi zake, wala hakuwa na nia ya kujifunza. Kazi aliyoitoa ilikuwa ya kuharibu.

Lalamiko hilo lina sehemu mbili. Moja ni ya nia: mpigapicha hakutaka. Nyingine ni ya ufundi: mpigapicha hakujua. Wanahistoria wa ubaguzi wameishughulikia sana sehemu ya kwanza, ilhali vitabu vya mafunzo ya upigaji picha vimeipita ya pili kimya kimya, kana kwamba uso ni uso na taa ni taa. Insha hii inazisoma sehemu hizo mbili pamoja. Inadai kwamba kanuni za kuangaza uso, ambazo hadi leo hufundishwa kama sayansi isiyo na mwenyewe, zilizaliwa mahali maalumu: katika kemia ya mabamba ya karne ya 19, katika latitudo za London na Paris, na mbele ya nyuso za wateja waliolipa. Zilipokutana na ngozi nyeusi zilishindwa kwa sababu zinazoweza kuelezwa. Waliozirekebisha walibadili upana wa mwanga na upande unakotoka. Waliokataa kuzirekebisha waliongeza wingi wake. Tofauti hiyo kati ya upana na wingi ndiyo inayofuatiliwa katika kurasa zifuatazo.

Paa la vioo

Uvumbuzi wa Louis Daguerre ulipotangazwa Paris mwaka 1839, haukuahidi picha za watu. Bamba la fedha lilihitaji dakika kadhaa za jua kali, na hakuna binadamu awezaye kukaa mbele ya jua kwa muda huo bila kufumba macho. Mwaka 1840 lenzi iliyokokotolewa na Joseph Petzval wa Vienna, iliyopitisha mwanga mwingi kuliko zilizotangulia, ilianza kuupunguza muda huo. Mwaka huohuo Alexander Wolcott alifungua studio New York. Kamera yake ilitumia kioo mbonyeo badala ya lenzi, na vioo vingine viliwekwa nje ya dirisha ili kulielekeza jua kwenye uso wa mteja. Machi 1841 Richard Beard alifungua studio ya kwanza ya London juu ya paa la Royal Polytechnic Institution, chini ya vioo vya rangi ya bluu.

Vioo hivyo vya bluu vinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna historia yote itakayofuata. Bamba la wakati huo halikuona kama jicho linavyoona. Lilishtuliwa na miale ya bluu na urujuani, na karibu halikuitambua nyekundu. Kioo cha bluu kilimpunguzia mteja ukali wa jua machoni bila kuliibia bamba chakula chake. Mteja alikaa, kisogo kimeshikiliwa na chuma kisichoonekana pichani, akihesabiwa sekunde. Ukali wa nyuso za wazee wa karne ya 19, ambao vizazi vya baadaye vimeufanya kuwa dalili ya maadili yao, mara nyingi ni ukali wa mtu anayejizuia kupepesa macho.

Baada ya Frederick Scott Archer kuchapisha mbinu ya kolodioni mwaka 1851, picha ikapungua bei na studio zikaenea. Umbo lake likawa karibu moja kila mahali Ulaya: orofa ya juu, paa la vioo lililoinama, ukuta wa vioo unaotazama kaskazini, na mapazia yanayovutwa kwa kamba ili kuufungua au kuufunga mwanga. Kaskazini ilichaguliwa kwa sababu katika latitudo hizo jua halipiti upande huo kwa sehemu kubwa ya siku. Kinachoingia ni mwanga wa anga, mpana na usiobadilika sana kati ya asubuhi na alasiri. Mpigapicha aliacha mwanga mkuu uanguke kutoka juu na pembeni, akasimamisha ubao mweupe upande wa pili ili kivuli kisiwe kizito. Mtindo wa taa kuu na taa ya kulainisha kivuli, unaofundishwa mpaka sasa, ni kumbukumbu ya paa hilo. Taa zilikuja baadaye kuiga dirisha.

Kanuni ya dirisha la kaskazini ilisafiri pamoja na vitabu vya mafunzo hata mahali ambapo haikuwa na maana. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri la Unguja huwa upande wa kaskazini, na katika miezi iliyobaki huwa kusini. Dirisha la kaskazini lililomhakikishia mpigapicha wa London mwanga tulivu lingempa mwenzake wa Mji Mkongwe jua lenyewe kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Studio za mji huo, kuanzia ile ya familia ya Gomes yenye asili ya Goa katika karne ya 19 hadi Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, zilifanya kazi chini ya anga ambalo waandishi wa vitabu hawakulifikiria. Adhuhuri ya Ikweta humwaga mwanga kutoka utosini, hujaza matundu ya macho giza na kuiacha pua iking'aa. Anayetaka uso uonekane hukimbilia kivulini, chini ya baraza au ndani ya ua, na kuutafuta mwanga uliokwisha kugonga ukuta. Elimu hiyo haikuandikwa. Ilipokezwa kutoka mpigapicha hadi mwanafunzi wake, na mtafiti anayeitafuta katika maktaba ataikosa.

Bamba lisiloona nyekundu

Rangi ya ngozi ya binadamu, iwe nyeupe au nyeusi, huegemea nyekundu na njano kuliko bluu. Melanini hunyonya mwanga wa bluu na urujuani kwa nguvu zaidi kuliko nyekundu. Kwa hiyo ngozi ya kahawia iliyowekwa mbele ya bamba lionalo bluu pekee ilitoka nyeusi kupita jinsi jicho lilivyoiona. Kahawia ya joto, yenye wekundu ndani yake, iligeuka kuwa giza tupu. Kasoro hiyo haikuwa ya mpigapicha mmoja. Ilikuwa ndani ya bamba lenyewe. Hata Wazungu wenye madoadoa usoni waliathirika, kwani madoa yao mekundu yalitokea meusi, lakini kwao lilikuwa jambo la kuchekesha au la kurekebishwa kwa penseli.

Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, mkemia wa Berlin, aligundua kwamba rangi fulani zikichanganywa katika emulsheni huifanya iitambue kijani. Mabamba yenye uwezo wa kuona rangi zote, nyekundu ikiwemo, yalianza kuuzwa na kampuni ya Wratten & Wainwright ya Uingereza mwaka 1906, nayo yakachukua miaka mingi kabla ya kuwa ya kawaida studioni. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 60 ya mwanzo, picha ya mtu Mweusi ilikuwa tafsiri iliyokosa sauti moja.

Pamoja na hayo, mtu anayehesabiwa kuwa Mmarekani aliyepigwa picha nyingi kuliko wote katika karne ya 19 ni Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa mnamo 1818 na kufariki 1895. Picha zake zinazojulikana ni takriban 160. Douglass aliitoa hotuba kuhusu picha na maendeleo mjini Boston mwaka 1861, wakati nchi yake ilikuwa vitani, na alizichukulia picha zake kama jibu kwa michoro ya kejeli iliyochorwa dhidi ya watu Weusi. Kwake yeye kukaa mbele ya kamera kulikuwa sehemu ya kazi ya kupigania uhuru. Swali la kiufundi linalozuka ni hili: ikiwa bamba liliielewa vibaya rangi ya ngozi yake, kwa nini uso wake unasomeka?

Jibu liko katika tabia ya mwanga juu ya ngozi. Mwanga unaofika kwenye uso hugawanyika. Sehemu kubwa huingia ndani ya ngozi, hukutana na melanini, na kiasi fulani hurudi nje kikiwa kimebeba rangi. Sehemu ndogo, isiyozidi asilimia chache, haingii kabisa: huakisiwa palepale juu, kama maji ya kisimani yanavyoakisi anga. Mng'ao huo wa juu hautegemei melanini. Ni uleule kwa ngozi nyeusi na kwa ngozi nyeupe, na huongezeka kadiri mwanga unavyokuja kwa mshazari. Juu ya ngozi nyeupe, ambayo yenyewe inarudisha mwanga mwingi, mng'ao humezwa. Umbo la uso husomwa kwa vivuli. Juu ya ngozi nyeusi mng'ao hutawala. Umbo la paji, shavu na taya husomwa kwa maeneo yanayong'aa. Anayejipaka mafuta kabla ya kwenda studio, kama wengi wafanyavyo hata leo, anamsaidia mpigapicha kuliko ajuavyo.

Hapa ndipo upana wa mwanga unapopata umuhimu wake. Mng'ao ni taswira ya chanzo cha mwanga juu ya ngozi. Chanzo kikiwa kidogo, kama balbu iliyo uchi au mwako wa kamera, mng'ao huwa doa dogo jeupe lenye kingo kali, na pembeni yake giza. Chanzo kikiwa kipana, kama ukuta wa vioo au anga lote la ua, mng'ao hutanda juu ya shavu na kufifia polepole, na macho ya mtazamaji hupata mviringo wa uso. Kuongeza nguvu ya chanzo kidogo hulifanya doa kuwa kali zaidi na hakumwongezei mtazamaji habari yoyote. Paa la vioo la karne ya 19 lilikuwa chanzo kipana mno. Bila ya kukusudia, lilimfaa Douglass.

Taa zenye majina

Umeme uliingia studioni kwa kusitasita. Nadar wa Paris alijaribu taa ya arki iliyoendeshwa kwa betri kati ya mwishoni mwa miaka ya 1850 na 1861, akaipeleka hadi kwenye mahandaki ya mifupa chini ya jiji, lakini sura za watu zilimtokea zikiwa na vivuli vikali mno. Henry Van der Weyde alifungua studio ya umeme Regent Street, London, mwaka 1877, naye alilielewa tatizo: aliielekeza arki kwenye kiakisi kikubwa ili mteja apate mwanga uliokwisha kutandazwa. Unga wa mwako, uliovumbuliwa Ujerumani mwaka 1887 na Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, ulikuwa wa haraka, wa moshi na wa hatari. Balbu za mwako zilizofuata kuanzia 1929 ziliondoa moshi. Hazikuondoa udogo wa chanzo.

Pamoja na taa yalikuja majina. Mwaka 1915, alipokuwa akitengeneza filamu ya The Warrens of Virginia, Cecil B. DeMille aliangaza nusu ya uso wa mwigizaji na kuiacha nusu nyingine gizani. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mshirika wake wa biashara alilalamika kwamba wenye sinema wangelipa nusu ya bei kwa nusu ya uso. DeMille akajibu kwamba huo ni mwanga wa Rembrandt, na bei ikapanda. Kisa kinaweza kuwa kimetiwa chumvi. Jina lilibaki, nalo katika vitabu vya mafunzo linamaanisha pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho la upande wa kivuli. Miaka ya 1930 studio za Hollywood ziliongeza mwanga wa kipepeo, yaani taa iliyoinuliwa mbele ya uso hadi pua inaangusha kivuli kidogo juu ya mdomo. Ulinasibishwa na kampuni ya Paramount na uso wa Marlene Dietrich. George Hurrell, aliyeanza kazi MGM mwaka 1930, aliusukuma utamaduni huo hadi ukawa kipimo cha urembo duniani kote, na hata studio ndogo za miji ya bandari zikaanza kuuiga kutokana na mabango ya sinema.

Majina haya yana kitu kimoja cha pamoja ambacho hakikutajwa: yote yanahesabu kivuli. Pembetatu, kipepeo, nusu ya uso ni maumbo ya giza yaliyochorwa juu ya msingi mweupe. Msingi ukiwa mweusi, tofauti kati ya mahali penye mwanga na mahali penye kivuli hupungua, umbo lililokusudiwa halionekani, na mwanafunzi aliyekariri pembetatu hudhani kwamba uso ndio wenye kasoro. Ni katika mazingira hayo lalamiko la 1923 linapata maana kamili. Du Bois hakuwa akizungumza bila ushahidi. Kwa ajili ya Maonyesho ya Paris ya 1900 alikusanya albamu za picha 363 za maisha ya watu Weusi, hasa wa Georgia, na nyingi kati ya picha za sura zilizomo zinahusishwa na Thomas Askew, mpigapicha Mweusi wa Atlanta aliyefanyia kazi nyumbani kwake. Alijua kwa macho yake kwamba jambo hilo linawezekana.

James Van Der Zee, aliyefungua studio Harlem mnamo 1916, ni mfano wa namna nyingine ya kurekebisha. Yeye aliendeleza kazi baada ya mwanga kuzimwa. Alichora kwa penseli juu ya negativu, akapunguza kivuli hapa, akaongeza nuru pale, na mara nyingine akakwangua bamba ili mkufu au pete ing'ae kuliko ilivyong'aa siku ile. Marcus Garvey alimwajiri mwaka 1924 kupiga picha za chama chake. Wakosoaji wa baadaye walioona katika penseli hiyo udanganyifu tu hawakuzingatia kwamba bamba lenyewe lilikuwa limedanganya kwanza.

Kadi ya Shirley na kitufe cha mwako

Filamu ya rangi ililigeuza tatizo la studio kuwa tatizo la kiwanda. Hadi 1954 kampuni ya Kodak ya Marekani iliuza filamu ya rangi pamoja na huduma ya kuisafisha. Mwaka huo, kwa makubaliano yaliyotokana na sheria ya kuzuia ukiritimba, ililazimika kuwaruhusu wengine wasafishe. Maabara huru zilihitaji kipimo cha pamoja, nazo zikaletewa kadi: picha ya mwanamke Mzungu, pamoja na rangi za kulinganishia. Mafundi waliziita kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa mmoja wa wanamitindo wa mwanzo. Fundi alirekebisha mashine yake mpaka ngozi ya Shirley ionekane kama inavyotakiwa, kisha akasafisha picha za wateja wote kwa kipimo hicho.

Utafiti wa Lorna Roth, uliochapishwa mwaka 2009, umeonyesha jinsi kasoro ilivyojitokeza. Katika picha za madarasa yenye watoto Weupe na Weusi pamoja, wenzao Weupe walitoka vizuri, na wao wakabaki macho na meno. Wazazi walilalamika. Hata hivyo, kwa mujibu wa mahojiano aliyoyafanya Roth na watumishi wa zamani wa kampuni, msukumo wa kuipanua filamu iweze kutofautisha rangi za kahawia ulitoka kwingine: watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao walitaka matangazo yao yaonyeshe tofauti kati ya aina moja na nyingine. Ukweli huo ni mchungu na hauhitaji kupambwa. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilianza kutolewa miaka ya 1990.

Afrika Kusini suala lilikuwa na makali zaidi. Serikali ya ubaguzi ililazimisha watu Weusi kubeba vitabu vya pasi vyenye picha, na mifumo ya Polaroid ilitumika kuzitengeneza. Mashine iliyojulikana kama ID-2 ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya mwako. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili Weusi wa Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua uhusiano wa mwajiri wao na pasi hizo, wakaanzisha harakati ya kuipinga. Kampuni ilijitoa Afrika Kusini mwaka 1977. Wanahistoria wa siasa wameeleza kisa hiki vizuri. Kwa historia ya mwanga, kitufe chenyewe ni hati. Kinakiri kwamba mwako wa kawaida uliwekewa kipimo cha ngozi nyingine, kisha kinajibu kwa kuongeza wingi tu. Mwako ule unatoka kando ya lenzi, ni mdogo, na unaupiga uso kwa mbele. Ukizidishwa hutoa doa kali juu ya paji na pua, na mashavu hubaki bapa. Unatosha kumtambua mtu kwenye kizuizi cha polisi. Haukutengenezwa ili mtu huyo apeleke picha kwa mamake.

Ua wa Bamako

Miaka ileile ambayo kadi za kwanza zilikuwa zikisambazwa, mpigapicha mmoja wa Bamako alikuwa akifanya kazi kwa filamu nyeusi na nyeupe, nje ya mfumo huo kabisa. Seydou Keïta alianza na kamera ndogo ya Kodak aliyoletewa na mjomba wake kutoka Senegal mwaka 1935, akajifunza kusafisha picha kwa Mountaga Dembélé na katika duka la Pierre Garnier, na mwaka 1948 akafungua studio nyumbani, karibu na kituo cha reli ya Dakar–Niger. Mahali hapo palimfaa. Wasafiri walishuka wakiwa wamevaa vizuri, na habari zake zilipanda treni pamoja nao.

Sehemu kubwa ya kazi aliifanya uani, mchana, kwa mwanga wa asili. Kamera yake ilikuwa ya mabamba ya sentimita 13 kwa 18. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani lenye nyuzinyuzi pembeni. Aliyabadilisha mapazia kila baada ya miaka kadhaa, na baadaye alizitambua tarehe za picha zake kwa kuyatazama. Kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa mteja mmoja, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Palikuwa na suti, saa, kalamu na redio za kuazima. Wanahistoria wa sanaa wameandika mengi juu ya vitu hivyo na juu ya nguo zenye michoro zinazopambana na pazia. Mwanga umetajwa kwa uchache, labda kwa sababu hauonekani kuwa umetengenezwa.

Lakini kufanya kazi uani ni uamuzi wa kiufundi. Ua ni sanduku lililo wazi juu: anga huwa chanzo kikuu, na kuta hurudisha mwanga kutoka pembeni. Mteja aliyekaa ndani yake, nje ya jua la moja kwa moja, huzungukwa na chanzo kipana kuliko taa yoyote ambayo studio ya Hollywood ingeweza kuinunua. Keïta aliwageuza wengi kidogo upande, bega moja likiwa mbele na kichwa kimeinama kiasi. Mkao huo kwa kawaida huelezwa kuwa wa madaha. Kwa mtazamo wa mwanga, unaliweka shavu katika mshazari, mahali ambapo mng'ao huongezeka, na mfupa wa shavu unapata mstari wake. Mwenzake wa kizazi kilichofuata, Malick Sidibé, alichukua mwako na kuupeleka kwenye dansi za vijana usiku, akapata furaha na vumbi la miguu inayocheza. Alitafuta kitu kingine na alikipata. Utulivu wa nyuso za Keïta hauwezi kutoka katika mwako.

Studio ilifungwa mapema miaka ya 1960, baada ya Keïta kuitwa kufanya kazi ya serikali ya Mali huru. Mwaka 1991 picha zake kadhaa zilionyeshwa New York bila jina, mpigapicha akitajwa kuwa hajulikani. Baada ya kutambuliwa, negativu zake zilichapishwa upya Ulaya, na mwaka 1994 zilionyeshwa Paris katika Fondation Cartier. Machapisho hayo mapya yalikuwa makubwa, mengine yakizidi mita moja, na yalisafishwa kwa tofauti kali kati ya nyeusi na nyeupe. Dunia iliyafahamu yakiwa hivyo. Watafiti walioyalinganisha na picha ndogo ambazo Keïta mwenyewe aliwapa wateja katika miaka ya 1950, zilizochapishwa kwa ukubwa wa bamba na kupigwa muhuri wa jina lake, wameonyesha kwamba zile za awali zina kijivu kingi cha kati na tofauti ndogo.

Jambo hilo linaweza kuonekana kuwa la wauza sanaa peke yao, nalo kweli liliingia katika mabishano yao ya haki na fedha. Lakini kijivu cha kati ndicho kilichobeba ngozi. Katika chapisho kubwa, michoro ya nguo huruka mbele na uso hurudi nyuma, mweusi na laini kama kinyago. Katika chapisho dogo, mtu aliyevaa nguo hizo ana mashavu, ana mikunjo midogo kando ya macho, na mwanga wa ua bado unatembea juu ya paji lake. Negativu ni ileile. Chapisho la miaka ya 1990 linamwonyesha mtafiti kwanza uamuzi wa chumba cha giza cha Ulaya, na mengi ya yale yaliyoandikwa kuhusu giza la nyuso za Keïta yaliandikwa mbele ya machapisho hayo. Zile ndogo zimo katika makusanyo machache, na nyingine bado zimehifadhiwa majumbani, katika familia za wale waliokwenda kukaa mbele ya shuka lenye nyuzinyuzi.